Hakuna Kiti cha Milele: Funzo la Askofu Henry Okullu



Watu wengi wanapolitaja jina la marehemu Askofu John Henry Okullu, aliyeiongoza Dayosisi ya Kianglikana ya Maseno Kusini tangu mwaka 1974 hadi 1994, hukumbuka kwanza ujasiri wake. Humkumbuka mchungaji aliyesimama Kisumu akaikemea serikali waziwazi, katika siku ambazo watu wazima walinong'ona hata ndani ya nyumba zao, wakichelea kwamba ukuta una masikio. Kumbukumbu hiyo ni ya haki. Lakini ujasiri peke yake si urithi. Mtu jasiri akifa huenda na ujasiri wake. Kinachotubakia ni kile alichokipigania. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: Okullu alikuwa akidai nini hasa?

Jibu letu ni fupi. Askofu Okullu alidai kwamba kila madaraka yawe na mpaka. Alilidai jambo hilo kwa kalamu alipokuwa mhariri, kwa mahubiri alipokuwa askofu, na mwishowe kwa kitendo, aliposhuka kwenye kiti chake mwenyewe. Vyama vingi, kura ya siri, mahakama huru na ukomo wa vipindi vya Rais: hayo hayakuwa madai manne mbalimbali. Yalikuwa mti mmoja wenye matawi manne. Nasi twaandika makala haya kwa sababu kazi hiyo haijakamilika, na sehemu iliyobaki haiko Ikulu peke yake. Iko ndani ya vyama vyetu na ndani ya makanisa yetu.

Kutoka Asembo hadi kiti cha askofu

Okullu alizaliwa mwaka 1929 huko Asembo, kando ya Ziwa Victoria, wakati Kenya ilipokuwa koloni la Mwingereza. Alikwenda Uganda, njia iliyozoeleka na vijana wengi wa Nyanza waliotafuta kazi na elimu, na huko akasomea theolojia katika chuo cha Askofu Tucker, Mukono. Alipewa daraja la ukasisi katika Kanisa la Uganda, na baadaye akaendelea na masomo nchini Marekani, katika chuo cha theolojia cha Virginia.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba kabla hajaishika fimbo ya uaskofu, Okullu alikuwa mtu wa magazeti. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mhariri wa Target, gazeti la makanisa lililochapishwa Nairobi kwa Kiingereza, ambalo ndugu yake wa Kiswahili aliitwa Lengo. Hiyo haikuwa kazi ya mzaha. Mwaka 1969 ulikuwa mwaka mchungu kwa Kenya. Tarehe 5 Julai Tom Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Katika miezi iliyofuata, watu walipelekwa usiku kula viapo vya siri vya kikabila, na Wakristo waliokataa wakapigwa na kuumizwa. Magazeti mengi yalisita kuliandika jambo hilo. Target halikusita. Kisha tarehe 25 Oktoba, Mzee Jomo Kenyatta alipokuja Kisumu kuifungua hospitali kuu mpya, maneno makali yalirushwa, umati ukachafuka, na askari wakafyatua risasi. Watu waliuawa, watoto wakiwamo. Siku chache baadaye chama cha upinzani, KPU, kilipigwa marufuku na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa mahakamani.

Twayataja haya ili msomaji kijana aelewe mambo mawili. La kwanza, watu wa Kisumu walijifunza mapema gharama ya kusema, na kimya kilichofuata hakikuwa cha kuridhika. La pili, Okullu alipoanza kuikosoa serikali ya Rais Daniel arap Moi katika miaka ya 1980, hakuwa anaanza upya. Mwaka 1971 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa provosti wa Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi. Mwaka 1974, mwaka ule ule aliofanywa Askofu wa Maseno Kusini, kilitoka kitabu chake juu ya kanisa na siasa katika Afrika Mashariki, na mwaka 1984 akatoa kingine juu ya kanisa na dola katika ujenzi wa taifa. Kitabu cha kwanza kilitoka wakati wa Kenyatta, cha pili wakati wa Moi. Wale waliosema kwamba askofu ana chuki na mtu mmoja hawakuwa wamevisoma vitabu vyake. Hoja yake ilikuwa juu ya kiti, awe ameketi nani.

Ng'ambo ya ziwa, Kanisa la Uganda lililomlea lilipata pigo ambalo kila askofu wa eneo hili alilisikia mwilini. Mwezi Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, baada ya maaskofu wenzake na yeye kulalamikia mauaji na unyanyasaji wa raia. Watu wa ufuo wetu hawakuhitaji kusomewa habari hizo, waliwapokea wakimbizi. Walijua kwamba mtawala asiyekuwa na mpaka haanzi kwa kuua maaskofu. Huanza kwa kuiondoa sheria moja, kisha nyingine, huku wenye busara wakisema tungoje tuone.

Ukuta uliobomolewa jiwe kwa jiwe

Kenya nayo ilikuwa na mawe yake. Mwezi Juni 1982 Bunge lilipitisha kifungu cha 2(A) cha Katiba, na tangu hapo KANU ikawa chama pekee kilichoruhusiwa kisheria. Mwaka 1984 Rais aliwataka viongozi wauimbe wimbo wake kama kasuku. Mwaka 1986 Bunge liliondoa ulinzi wa kazi wa Mkuu wa Sheria na wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za serikali, na mwaka 1988 likaondoa ule wa majaji. Mwaka huo huo polisi walipewa uwezo wa kumshikilia mshukiwa wa makosa makubwa kwa siku 14 kabla ya kumfikisha mbele ya hakimu. Kila jiwe liliondolewa kwa kura ya Bunge, kwa utaratibu, kwa makofi. Mwishoni ukuta wote ulikuwa chini, na aliyeketi kitini hakuwa na mtu wa kumwambia hapana.

Jiwe lililowaamsha wachungaji wengi lilikuwa kura ya siri. Mwaka 1986 KANU iliamua kwamba wagombea wake wachaguliwe kwa mlolongo: wapiga kura wajipange hadharani nyuma ya mgombea wamtakaye au nyuma ya picha yake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliojipanga alitangazwa mbunge papo hapo, bila kura ya siri kufuata. Utaratibu huo ulitumika mwaka 1988, na kote nchini watu waliona kwa macho yao mistari mifupi ikitangazwa kuwa mirefu. Gazeti la makanisa lililoitwa Beyond lilipochapisha habari za wizi huo, lilipigwa marufuku na mhariri wake akafungwa.

Okullu, pamoja na maaskofu wenzake David Gitari na Alexander Muge, walikuwa miongoni mwa waliousema mlolongo kwa uwazi, na Baraza la Kitaifa la Makanisa likautolea tamko. Wakubwa waliwaambia warudi madhabahuni. Lakini hebu tulitazame jambo lenyewe kwa jicho la mchungaji. Mfikirie mama anayeuza omena pale Dunga. Kibanda chake kiko kwa hisani ya wenye madaraka. Mwanawe anatafuta barua ya chifu ili apate kitambulisho. Siku ya mlolongo, chifu amesimama pembeni, vijana wa chama wamesimama na rungu, na mama huyo anatakiwa ausimamishe mwili wake nyuma ya picha moja mbele ya wote hao. Je, huo ni uchaguzi, au ni mtihani wa woga? Na mchungaji wake naye atajipanga wapi? Akisimama nyuma ya mmoja, Jumapili atawaambiaje waliosimama nyuma ya mwingine kwamba yeye ni mchungaji wa wote? Mlolongo uliingia ndani ya dhamiri, na dhamiri ndiyo shamba la kazi la mchungaji. Siasa ndiyo iliyovunja ua ikaingia kanisani.

Mwaka wa mtihani

Kisha ukaja mwaka 1990. Siku ya Mwaka Mpya, Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri alihubiri Nairobi, akiyataja mageuzi yaliyokuwa yakiziangusha serikali za chama kimoja katika Ulaya ya Mashariki, akauliza kama Afrika itabaki vivyo hivyo. Mwezi Februari, Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje na Mbunge wa Kisumu Mjini, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake uliokotwa ukiwa umeteketezwa kwa moto katika kilima cha Got Alila. Kisumu ililia, kisha ikawaka. Makachero walialikwa kutoka Uingereza, tume ya majaji ikaundwa, na mwaka 1991 tume hiyo ikavunjwa kabla haijaimaliza kazi yake. Mpaka leo hakuna mtu aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo.

Katika mazingira hayo ndipo Okullu alipodai kifungu cha 2(A) kiondolewe, wananchi waruhusiwe kuunda vyama watakavyo, na muda wa Rais uwekewe mpaka wa vipindi viwili. Msomaji alipime dai hilo la mwisho. Wengi walikuwa wakisema Moi aondoke. Askofu alitaka zaidi ya hapo: alitaka hata yule mwema atakayemfuata naye aondoke siku yake itakapofika. Mtu anayedai hivyo hapiganii zamu ya kabila lake wala ya rafiki zake. Anamfunga mkono hata mtawala ambaye huenda angempenda.

Gharama haikuwa ndogo. Nyumba ya Askofu Gitari ilikuwa imekwisha kuvamiwa usiku mwaka 1989. Mwezi Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini, na siku ya Saba Saba wananchi waliokusudia kukutana Kamukunji walikabiliwa kwa marungu na risasi. Tarehe 14 Agosti, Askofu Muge wa Eldoret alifariki katika ajali ya barabarani akitoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya kwamba akikanyaga huko huenda asitoke akiwa hai. Maaskofu hawa hawakukubaliana katika kila jambo, na Muge hakuwa na haraka ya vyama vingi kama wengine. Lakini kila aliyehubiri baada ya mazishi yale alijua anachokiweka rehani.

Mwezi Desemba 1991 kifungu cha 2(A) kilifutwa. Wako wanaosema ni wafadhili walioileta siku hiyo, kwa kuuzuia msaada wao mwezi Novemba. Hatukatai kwamba fedha zilisukuma. Lakini wafadhili hao hao walikuwa wamekaa na serikali ile kwa miaka mingi bila kusukuma kitu. Kilichobadilika ni kwamba wananchi, mawakili na viongozi wa dini walikuwa wamekwisha kulifanya jambo lenyewe lisemeke. Mwaka 1992 Katiba ikawekwa mpaka wa vipindi viwili vya Rais. Mwaka 2002 Moi akaondoka kwa mpaka huo. Mwaka 2013 Mwai Kibaki akaondoka. Mwaka 2022 Uhuru Kenyatta akaondoka. Katiba ya mwaka 2010 ikautia mpaka huo nguvu mpya, ikauweka na kwa magavana. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wakenya waliozaliwa karibuni hudhani kwamba Rais kuondoka ni desturi kama mvua ya masika. Waulize jirani zetu ng'ambo ya ziwa: Uganda iliuondoa mpaka wa vipindi mwaka 2005, na mwaka 2017 ikauondoa na mpaka wa umri. Hata hapa kwetu, mwaka 2024 muswada uliletwa katika Seneti kutaka kipindi cha Rais kirefushwe kutoka miaka mitano hadi saba. Wananchi waliupinga kwa wingi mkubwa, nao ukakwama. Jiwe lilikuwa linachokonolewa tena.

Wanaosema kanisa likae kimya

Ziko hoja mbili ambazo Okullu alizisikia maisha yake yote, nasi twazisikia hadi leo. Ya kwanza husema kwamba kazi ya kanisa ni roho, na ya Kaisari aachiwe Kaisari. Wenye hoja hii husahau kwamba nabii Nathani alimwendea Daudi juu ya mke wa mtu na damu ya mtu, na kwamba Eliya alimkabili Ahabu juu ya shamba la mizabibu la Nabothi. Yote mawili yalikuwa mambo ya mfalme aliyejiona hana mpaka. Zaidi ya hayo, wanaolitaka kanisa likae kimya hawakuwahi kulikataza kusifu. Askofu anayemwombea Rais kwa sifa ndefu haambiwi kwamba anacheza siasa. Anayeuliza habari za waliouawa ndiye anayeambiwa hivyo.

Hoja ya pili ni chafu zaidi. Ilisemwa kwamba Okullu ni Mjaluo, na kwa hiyo analia kilio cha Wajaluo. Ni kweli kwamba alilia na watu wake. Mchungaji asiyelia na watu wake ni mchungaji gani? Lakini Njoya na Gitari walitoka Mlima Kenya, Muge alitoka kwa Wanandi, watu wa jamii kubwa ya Rais mwenyewe, na Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Kanisa Katoliki, aliyewatetea waliofukuzwa mashambani mwao katika Bonde la Ufa kuanzia mwaka 1991, alitoka Ukambani. Kifungu cha 2(A) hakikuwa na kabila. Seli ya siku 14 haikumwuliza mtu lugha ya mama yake.

Mpaka kwa kanisa lenyewe

Sasa twafika mahali ambapo baadhi ya wasomaji wetu watakunja uso. Kama kila madaraka yana mpaka, basi na ya kanisa yana mpaka.

Okullu alilielewa hilo. Katika dayosisi yake, kule Saradidi katika Asembo, waumini walianzisha mwaka 1979 mpango wa afya ambao kila kijiji kilijichagulia wasaidizi wake wa afya, watu wanaojulikana, wanaogawa dawa ya malaria na kufundisha usafi wa maji. Aliyechaguliwa na kijiji hukijibu kijiji. Hiyo ni demokrasia iliyoanza chini, katika nyumba za udongo, wakati Bungeni ilikuwa imekwisha kufukuzwa. Na mwaka 1994, baada ya miaka 20 kitini, askofu alistaafu. Hakungoja kubebwa. Aliandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1997, kikiwa na jina linalotaja msako wa haki, na mwaka 1999 akafariki dunia. Mtu aliyedai Rais awe na siku ya kuondoka, naye aliikubali siku yake ya kuondoka. Hapo ndipo mahubiri yalipotimia.

Je, makanisa yetu yamelishika funzo hilo? Tangu siku zake, ugonjwa mmoja umeenea: mwanasiasa huja Jumapili na bahasha, hupewa kiti cha mbele, kisha hupewa na kipaza sauti. Mchungaji aliyeezekewa paa na mheshimiwa atamkemeaje mheshimiwa huyo Jumapili inayofuata? Haina haja mtu kuwekwa kizuizini ikiwa anaweza kununuliwa kwa mabati. Twawapongeza waliokataa. Mwezi Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwazuia wanasiasa kutumia mimbari ya kanisa lake, hali wakubwa wa siasa wakiwa wamekaa pale pale. Mwezi Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza mchango wa mamilioni ya shilingi uliotolewa na Rais William Ruto katika parokia ya Soweto urudishwe. Agizo hilo lilikuja miezi michache baada ya vijana, katika maandamano ya Juni 2024, kuyalaumu makanisa hadharani kwa kuwakumbatia watawala. Vijana hao wengi hawajawahi kumsikia Okullu, lakini walikuwa wakiliuliza kanisa swali lake.

Mpaka kwa vyama vyetu

Jambo la mwisho latuhusu sisi tulio katika harakati za mageuzi. Tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya walipiga kura ya kwanza ya vyama vingi tangu miaka ya 1960. Karibu theluthi mbili ya wapiga kura walimkataa Rais aliyekuwa madarakani, naye akashinda kwa asilimia 36 hivi. Aliwezaje? FORD, chama kilichozaliwa na wananchi, kilikuwa kimepasuka vipande kwa sababu wakuu wake hawakukubaliana nani akae mbele. Viongozi wa makanisa, Okullu miongoni mwao, walikuwa wamejitahidi kuwaketisha pamoja. Hawakusikilizwa. Waliotaka mpaka uwekwe Ikulu hawakutaka uwekwe katika afisi za vyama vyao.

Ugonjwa huo umekaa nasi. Tumeona vyama vinavyotangaza demokrasia mchana na kugawa tikiti za uteuzi usiku. Tumeona wanachama wakipiga kura za mchujo, kisha jina jingine likatokea Nairobi. Mwezi Oktoba 2025 Raila Odinga alifariki dunia, akiwa bado kiongozi wa ODM, chama alichokiongoza kwa miaka mingi tangu kuzaliwa kwake, akazikwa Bondo kwa taratibu za Kanisa la Kianglikana. Ufuo wote ulivaa msiba, nasi pamoja nao. Hatusemi neno hili kuivunja heshima ya mtu aliyeteswa gerezani kwa ajili ya vyama vingi. Twalisema kwa sababu msiba ule ulilifungua swali ambalo heshima ilikuwa imelifunika: kiongozi mkubwa akiondoka, ni nani mwenye haki ya kumchagua anayefuata? Tukijibu kwamba ni familia, au matajiri, au wazee wachache katika chumba cha hoteli, basi tulikifuta kifungu cha 2(A) katika Katiba tukakiandika upya katika mioyo yetu.

Tufanye nini basi? Twaleta mambo matatu mbele ya waumini na wanaharakati. Kwanza, mpaka wa vipindi viwili vya Rais ulindwe na kila kanisa na kila chama, bila kumwangalia usoni anayeketi kitini, na kila muswada unaougusa usomwe kwa sauti ibadani na kwenye mabaraza ili watu waujue mapema. Pili, kila chama kinachoomba kura Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kiulizwe kabla ya yote: viongozi wako huchaguliwa lini, na nani, kwa kura gani, na huondoka lini? Asiyekuwa na jibu asipewe jukwaa. Tatu, kila parokia iwasomee waumini hesabu zake, pamoja na majina ya waliotoa michango mikubwa. Mimbari isikodishwe.

Ndugu zetu, hatumjengei Askofu Okullu sanamu. Yeye mwenyewe angetuuliza saruji hiyo imenunuliwa na nani. Tunachoweza kumfanyia ni kuimaliza kazi aliyoianza: kumweleza kila mkubwa, wa serikali, wa chama na wa kanisa, kwa heshima na bila woga, kwamba kiti alichokikalia alikikuta na atakiacha. Siku ya uchaguzi wa tawi la chama chako, nenda. Siku ya mkutano wa sinodi yenu, nenda, na uulize. Haki haikai nyumbani kungoja kuitwa.